Je, Wajua? Sombe, Mawese na Lotoko Mbele ya Kipimo

Je, wajua kwamba muhogo mchungu mbichi unaweza kutoa sianidi, sumu ya jamii ileile ambayo migodi mikubwa huitumia kutenganisha dhahabu na mawe? Hata hivyo watu wa Kisangani wanakula muhogo kila siku, kwanga asubuhi, fufu jioni, na wanaamka salama. Usalama huo unatoka mikononi mwa wanaoumenya, kuuloweka, kuutwanga na kuuanika. Maabara zilikuja baadaye sana kueleza kwa nini mikono hiyo ilikuwa sahihi, na kutuonyesha ni hatua gani isiyofaa kurukwa hata siku moja. Vyakula vingi vya meza yetu viko hivyo: vina faida kubwa, vina hatari yake, na tofauti kati ya hayo mawili mara nyingi ni muda aliotumia mpishi.

Tuanze na muhogo wenyewe, maana ndio wenye mengi. Sumu haimo ndani ikiwa tayari. Katika seli za muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, na kwenye kuta za seli hizo mna kimeng'enya chenye uwezo wa kuivunja. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Ukikwaruzwa, ukitwangwa au ukilainika majini, vinakutana, na mwisho wa kuvunjika huko ni gesi ya haidrojeni sianidi. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo katika mchana wa kawaida wa Kisangani hujiondokea yenyewe hewani.

Hapo ndipo utaratibu unapokuwa na maana. Mtu akitumbukiza muhogo mchungu mzima katika maji yanayochemka, joto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini, ambayo inavumilia moto, hubaki kwa wingi. Akiuloweka siku tatu mpaka ukalainika na kutoa harufu ya uchachu, sehemu kubwa kabisa ya sumu hiyo imekwisha kwenda kabla moto haujawashwa. Na sombe, ambayo wengine mjini huiita pondu, hufuata kanuni ileile. Majani ya muhogo yana sumu hiyo mara kadhaa zaidi ya nyama ya mzizi. Yakitwangwa laini kinuni kisha yakachemshwa kwa muda mrefu, kinachobaki ni kidogo mno. Anayeyakatakata kwa kisu upesiupesi na kuyatia chunguni hajafanya kazi ile ya kinu, hata kama mboga yake inapendeza macho.

Sombe inastahili sifa zaidi ya inazopewa. Majani yakikaushwa, karibu robo ya uzito wake au zaidi ni protini, kiwango ambacho mzizi wa muhogo haukikaribii. Mna madini ya chuma, kalsiamu, na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini hiyo haiingii vizuri mwilini bila mafuta, kwa hiyo mama anayemimina mawese kwenye sombe yake anaufungulia mwili njia ya kuipata vitamini hiyo, mbali na kutafuta ladha. Ila kuna desturi moja ningependa ipungue. Wapishi wengine hutia bikaboneti ili majani yalainike haraka na yabaki ya kijani. Bikaboneti ikikutana na moto huharibu vitamini B1. Kuni zinaokolewa, vitamini inapotea.

Barabara na miguu ya watoto

Mwaka 1938 daktari Mwitaliano Giovanni Trolli, aliyefanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji, alichapisha maelezo ya ugonjwa wa konzo uliokuwa ukionekana Kwango, kusini-magharibi mwa nchi. Mgonjwa, mara nyingi mtoto au mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, hupatwa ghafla: jana alitembea, leo miguu imekaza na haimtii. Ulemavu huo hubaki maishani. Kwa miaka mingi chanzo chake kilibishaniwa, wengine wakidhani ni ugonjwa wa kuambukiza.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wakiwemo Mkongo Jean-Pierre Banea na Thorkild Tylleskär wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walifuatilia namna familia za mkoa wa zamani wa Bandundu zilivyotayarisha muhogo. Walichokiona kinauma. Barabara iliyoboreshwa ilikuwa imefungua soko la Kinshasa. Muhogo ukawa fedha, wanunuzi wakautaka haraka, na muda wa kuloweka ukafupishwa kutoka siku tatu za desturi hadi usiku mmoja. Unga uliotoka humo ulibaki na sianidi nyingi. Watu hawakuwa wamesahau ujuzi wa wazee wao; soko liliwanyima muda wa kuutumia. Nadhani habari hii inafaa kusimuliwa katika kila mji wa Kongo unaopata barabara mpya.

Muda peke yake haukutosha kueleza yote. Mwili una njia yake ya kuizima sianidi: huiunganisha na salfa na kuigeuza kuwa thiosianati, kisha huitoa kwa mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye protini, yaani samaki, nyama, mayai na maharagwe. Familia inayokula muhogo ulioharakishwa na kukosa kitoweo hupigwa mara mbili. Hapa Kisangani, mji uliokaa kando ya maporomoko ya Boyoma ambako Wagenia wanategea samaki kwa mitego yao mikubwa ya miti, kipande kidogo cha samaki juu ya fufu kinafanya kazi ambayo wengi wetu hatuioni.

Na hiyo thiosianati nayo ina kisa chake, tena karibu na kwetu. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, madaktari wa miaka ya 1960 na 1970 walikuta jambo la ajabu. Upungufu wa iodini ulikuwa karibu sawa kisiwa kizima, lakini rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, ulikuwa umewajaa watu wa kaskazini kuliko wa kusini-magharibi. François Delange na wenzake kutoka Ubelgiji waliifuata njia ya chakula mpaka wakafika kwenye muhogo: thiosianati huzuia tezi kuvuta iodini kidogo iliyopo. Chumvi yenye iodini ndiyo kinga, na bei yake ni ndogo kuliko ya dawa yoyote.

Karatasi inayobadilika rangi

Je, wajua kwamba unga wa muhogo unaweza kupimwa kijijini bila umeme? Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na wenzake walitengeneza kifurushi kidogo cha kipimo mnamo miaka ya 1990. Unatia sehemu moja ya kumi ya gramu ya unga ndani ya kichupa cha plastiki pamoja na maji na kimeng'enya, unaning'iniza karatasi ya manjano iliyochovywa pikrati, unafunga kizibo na kuacha usiku kucha. Gesi ikitoka, karatasi hugeuka kutoka manjano kuelekea kahawia. Asubuhi unailinganisha na chati ya rangi. Kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga. Indonesia, ambao nao ni walaji wakubwa wa muhogo, wameruhusu hadi 40.

Bradbury huyohuyo alieneza dawa rahisi kwa unga ambao tayari umekwisha sagwa. Unautia maji mpaka ulowe, unautandaza juu ya sinia au mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha unausonga siku hiyohiyo. Maji hukikutanisha tena kile kimeng'enya na linamarini iliyobaki, na gesi inatoka. Banea na wenzake walipeleka njia hii kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, kuanzia mwaka 2010. Wanawake waliitumia kila siku, na katika kipindi cha mradi hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyepatikana.

Yangambi, jirani anayejulikana duniani

Kilomita 100 hivi chini ya mto kutoka Kisangani ipo Yangambi, ambako Wabelgiji walijenga kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933. Leo kiko chini ya INERA, taasisi ya Kongo ya utafiti wa kilimo. Mwaka 1941, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walichapisha matokeo yao kuhusu michikichi: mti wenye mbegu za ganda nene ukizalishwa na ule usio na ganda, watoto hupata ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Aina hiyo, tenera, hutoa takriban asilimia 30 ya mafuta zaidi ya ile ya ganda nene, na ndiyo inayojaza mashamba makubwa ya michikichi duniani kote, Malaysia na Indonesia zikiwemo. Jeni inayoamua unene wa ganda ilitambuliwa mwaka 2013 tu.

Mawese mekundu yana kati ya miligramu 500 na 700 za karotini kwa kila kilo, na yana vitamini E pia. Ni vigumu kupata chakula cha mimea kinachoyashinda kwa vitamini A. Lakini ukiyachoma mafuta mpaka wekundu uishe na yabaki meupe, kama wanavyofanya wengi kabla ya kukaanga, karotini imeungua na umebaki na mafuta matupu. Weka mawese mekundu kwa mboga, usiyachome kwanza.

Wekundu huohuo ndio unaovutia wadanganyifu. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula ya Ghana ilipima mawese ya masokoni na kukuta rangi ya Sudan IV, ambayo ni rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kabisa katika chakula. Jicho haliwezi kuitambua, wala ulimi. Ni kifaa cha maabara tu. Nchini Kongo kazi ya kukagua ubora wa bidhaa ni ya OCC, ofisi iliyoundwa mwaka 1974, na ni rahisi kuikumbuka kwa mizigo ya meli na mipaka. Mimi ningetamani kuona vipimo vikielekezwa zaidi kwenye bidoni la mawese la sokoni, kwa sababu hilo ndilo linaloingia katika kila nyumba.

Ndizi nayo ina alama ya Yangambi. Aina iitwayo Yangambi Km5, ambayo jina lake linatokana na kilomita ya 5 pale kituoni, inasifika katika nchi nyingi kwa kuvumilia ugonjwa wa majani wa sigatoka nyeusi na minyoo ya mizizi. Wataalamu wa ndizi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamekusanya na kutunza aina nyingi za makemba ya bonde la Kongo, na rangi ya nyama ya ndani inasema jambo: kadiri inavyoelekea manjano ya chungwa, ndivyo karotini inavyokuwa nyingi. Kwa lituma, yaani makemba ya kupondwa, chagua yenye rangi.

Kahawa ya robusta ni ya misitu hii pia. Mwishoni mwa karne ya 19 Mbelgiji Émile Laurent aliikusanya karibu na Lusambo, na mwaka 1900 ikaanza kuuzwa Brussels kwa jina hilo la robusta. Kituo cha Lula, jirani ya Kisangani, kiliifanyia majaribio kwa miaka mingi. Robusta ina karibu maradufu ya kafeini ya arabika, na ina asidi ya klorojeni zaidi, kundi la vitu vinavyochunguzwa kwa uwezo wao wa kulinda seli. Kwa upande wa hatari, mwaka 2002 Waswidi waligundua akrilamidi katika vyakula vilivyokaangwa na kuokwa kwa moto mkali. Hutokea pale sukari inapokutana na asidi amino ya asparajini juu ya nyuzi 120, kwa hiyo imo katika kahawa iliyokaangwa na katika chipsi za makemba zilizoachwa zikawa kahawia iliyokolea. Kaanga mpaka rangi ya dhahabu, kisha toa. Na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliiondoa kahawa katika orodha ya vinavyoshukiwa kuleta saratani, lakini likaweka humo kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa juu ya nyuzi 65: joto hilo linahusishwa na saratani ya umio. Chai inayounguza ulimi isubiri kidogo.

Mbinzo na karanga

Msimu wa mbinzo ukifika, beseni za viwavi hujaa sokoni. Wakikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao huwa protini, na wana madini ya chuma na zinki. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitoa kitabu kizima mwaka 2013 kuhimiza dunia ile wadudu; huku hatukuhitaji kuhimizwa. Hata hivyo kusini-magharibi mwa Nigeria palikuwa na ugonjwa uliojitokeza kila masika: watu walitetemeka na kuyumba wakitembea. Katika miaka ya 1990 daktari Bola Adamolekun aliufuatilia hadi kwa kiwavi Anaphe venata, na watafiti wakamkuta na kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, tena kinachovumilia joto la kupikia. Waliougua walikuwa wale waliokwisha kupungukiwa na vitamini hiyo kwa kula wanga karibu mtupu. Walipopewa vitamini B1 walipata nafuu haraka. Hiyo ni sababu nyingine ya kuiogopa bikaboneti kwenye sombe.

Karanga zina adui asiyeonekana vizuri. Mwaka 1960 batamzinga wapatao 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na huko ndiko sumukuvu ilikojulikana. Nchini Kenya mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwafanya watu 317 waugue, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Muda mrefu sumu hiyo ikiingia kidogokidogo huharibu ini na kuleta saratani. Moto wa jikoni hauiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki, jumuiya ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, ni mikrogramu 10 kwa kilo. Lakini kuna habari njema kubwa: sumu hiyo haisambai sawasawa, hujikusanya katika punje chache zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au kuota ukungu. Bibi anayeketi na ungo akichambua punje moja moja anaondoa sehemu kubwa ya hatari. Tatizo ni kwamba punje zilizotengwa mara nyingi hazitupwi. Husagwa, na siagi ya karanga haionyeshi kitu. Ukiweza, nunua karanga nzima, usage mwenyewe.

Samaki wa moshi wanaweza kubeba benzopireni, kitu cha masizi kinacholeta saratani. Ulaya imeweka kikomo cha mikrogramu 2 kwa kilo. FAO na kituo cha Thiaroye nchini Senegal walibuni tanuri ambalo mafuta ya samaki hayadondoki motoni, na hapo ndipo uchafu huo unapopungua. Kwa anayekausha kwenye kichanja cha kawaida, kuni kavu, samaki kuinuliwa mbali na miali, na kumenya ngozi nyeusi kabla ya kupika husaidia.

Kuhusu lotoko, pombe kali ya mahindi na muhogo, nitasema wazi. Ethanoli yake inatosha kudhuru, lakini hofu kubwa zaidi ni methanoli. Kiasi kidogo cha methanoli hutokea chenyewe mimea inapochachuka. Kinachoua watu kwa makundi ni muuzaji anayeongeza spiriti ya viwandani. Novemba 2000 huko Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Mililita 10 za methanoli tupu zinaweza kuondoa macho ya mtu, kwa sababu ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Wapo wanaoipima pombe kwa kuiwasha moto na kutazama mwali wa samawati. Kipimo hicho hakifai, kwani methanoli nayo huwaka samawati. Harufu haisaidii, ladha haisaidii. Mtu aliyekunywa akaanza kuona ukungu machoni saa kadhaa baadaye apelekwe hospitali mara moja, asiachwe alale.

Je, wajua kwamba katika jamii ya mimea inayotupatia majani ya kufungia kwanga na liboke umo mmea wa Thaumatococcus daniellii, ambao tunda lake jekundu lina protini tamu kuliko sukari kwa takriban mara 2,000 hadi 3,000? Viwanda vya Ulaya huitumia kwa namba E957.

Nimeacha pemba mpaka sasa, ule udongo mweupe ambao wajawazito wengi hununua na kutafuna. Vipimo vilivyofanywa Ulaya kwenye udongo wa aina hii unaouzwa kwa Waafrika vimekuta madini ya risasi, mara nyingine na aseniki, na Uingereza imewaonya wajawazito wasiutumie. Risasi huvuka kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo wa mtoto. Lakini kumkemea mama hakutoshi, kwa kuwa hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe hushika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini. Mama akisema anatamani pemba kila siku, apimwe wekundu wa damu kwenye kliniki ya wajawazito, apewe vidonge vya chuma na foliki, na atibiwe malaria na minyoo kama vipo.